Mfalme Ajiandikie Nakala kwa Mkono Wake

Hotuba kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vijana wa ushirika, Mbeya

Mwanakondoo wetu ameshinda. Tumfuate.

Mchungaji, wazee wenzangu, mama zangu, nanyi vijana mliobanana kule nyuma: nimesimama hapa kulipa deni. Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa kwaya alinifuata pale chini ya mparachichi. Mkononi ana simu, na ndani ya simu mna mafundisho ya mwalimu wa ng'ambo. Akaniuliza: "Mzee, Torati ni sheria ya Mungu au siyo? Kama ni sheria ya Mungu, mbona sisi Wakristo tunatawaliwa na sheria zilizotungwa na wabunge? Kwa nini tusidai nchi itangazwe ya Kikristo, na mahakama zihukumu kwa kitabu cha Musa?"

Nilimwomba muda. Nimekaa miaka 27 kwenye kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo, na swali la sheria ipi imhukumu nani ndilo lililonilisha na kunikosesha usingizi. Siwezi kulijibu nikiwa nimesimama mlangoni.

Kwanza nimtendee haki mwalimu wa kwenye simu. Fundisho hilo lina mwenyewe. Rousas John Rushdoony, mchungaji wa Marekani aliyezaliwa na wazazi wakimbizi Waarmenia, alitoa mwaka 1973 kitabu kinene kinachosema kwamba sheria alizopewa Musa za kuendesha taifa, pamoja na adhabu zake, bado zinazifunga serikali za dunia. Wafuasi wake huliita fundisho hilo theonomia, yaani utawala wa sheria ya Mungu. Wameshika jambo moja la kweli, nami nalikiri mbele yenu: hakuna serikali inayotunga sheria bila kuamini kitu fulani juu ya jema na baya. Bunge linapoamua mwizi wa kuku afungwe na aliyekula fedha za zahanati ahamishwe kituo, limeshahubiri.

Lakini kanisa lilikwisha kulitafakari jambo hili kabla yetu. Thomas wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, aliigawa Torati sehemu tatu: amri za maadili, taratibu za ibada, na hukumu za kuendesha taifa la Israeli. Calvin, mwalimu wa Waprotestanti wa Geneva, akaushika mgawo huo. Vipengele 39 vya Kanisa la Anglikana, mwaka 1571, vikasema kwamba amri za Musa za kiserikali hazilazimiki kupokewa na dola yoyote. Ungamo la Westminster la mwaka 1647, tamko la imani la Wapresbiteri, likasema hukumu zile ziliisha pamoja na taifa lile, isipokuwa ile haki iliyomo ndani yake. Naomba mlishike neno hilo, haki iliyomo ndani yake, maana nitalirudia nikifika kwenye masufuria.

Sasa tufungue Torati yenyewe. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, kuanzia mstari wa 14. Hapa ndipo Musa anaposema habari za serikali kwa uwazi kuliko mahali pengine popote, na ajabu ni kwamba karibu kila neno limeelekezwa kwa mtawala, si kwa raia. Mfalme asijiongezee farasi. Ndugu zangu, farasi zama zile ni jeshi. Asijiongezee wake. Ndoa za wafalme zilikuwa mikataba na mataifa ya nje. Asijirundikie fedha na dhahabu. Kisha linakuja agizo ambalo kila nikilisoma linanisimamisha: akiisha kuketi katika kiti cha enzi, ajiandikie nakala ya torati hii katika chuo, yaani kitabu, aisome siku zote za maisha yake, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake.

Ajiandikie. Hakuambiwa aitunge, wala aitangaze. Anakaa chini kama mwanafunzi wa darasa la pili, ananakili herufi kwa herufi sheria ambayo si yake, halafu inamtawala yeye kabla ya mtu mwingine.

Babeli ya kale ilikuwa na sheria pia. Lile jiwe jeusi la Hammurabi, lililoko leo katika jumba la makumbusho la Louvre huko Paris, limejaa hukumu, na baadhi zinafanana na za Musa: ng'ombe apigaye watu pembe, jicho kwa jicho. Ila katika jiwe lile mfalme ndiye anayenena: mimi Hammurabi, mimi mfalme wa haki. Ukisoma Biblia nzima hutakuta mkusanyo wa sheria uliotolewa kwa jina la mfalme wa Israeli. Daudi hana mkusanyo kama huo, wala Sulemani. Sheria iliwatangulia jangwani, kabla taifa halijapata kiti cha enzi, na wao waliikuta.

Kwa hiyo anayetaka serikali ishike Torati ajiulize ataikabidhi kwa mkono upi. Torati haikuandikwa iwe fimbo ya mkono wa mtawala. Nitawaonyesha ilivyokuwa pale mtawala alipoifanya fimbo.

Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Habari za Nabothi mnazijua tangu shule ya Jumapili, ila nataka msome leo kama hakimu anavyosoma jalada. Nabothi ana shamba la mizabibu karibu na jumba la Ahabu. Mfalme analitaka. Nabothi anakataa, na kukataa kwake ni kwa sheria: ardhi ni ya Mungu, urithi wa baba hauuzwi moja kwa moja, Mambo ya Walawi 25. Ahabu anarudi nyumbani amenuna, analala akielekea ukutani, hataki chakula. Hapo Yezebeli anashika kalamu.

Angalieni anachofanya. Hatumi askari wakaue usiku. Anaandika barua kwa wazee wa mji na kuzitia muhuri wa mfalme. Mbiu ya kufunga ipigwe. Watu wakusanyike. Wawepo mashahidi wawili, maana Torati inataka mashahidi wawili. Shitaka liwe kumtukana Mungu na mfalme, maana Kutoka 22 inakataza hilo. Adhabu iwe kupigwa mawe nje ya mji, maana Walawi 24 ndivyo inavyoagiza kwa anayelitukana jina la Mungu.

Jalada la Nabothi, ukilisoma haraka, halina kasoro. Mamlaka ya mahakama ipo. Mashahidi wametimia. Vifungu vimetajwa sawasawa. Hata mbiu ya kufunga imepigwa. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu ambacho sheria ile ile iliagiza, Kumbukumbu la Torati 19: waamuzi wachunguze kwa bidii kama shahidi ni wa uongo. Wale wazee wa mji hawakuuliza swali hata moja. Barua ilikuwa na muhuri.

Wazee wenzangu, nimesikiliza mashahidi maelfu. Ninajua barua yenye muhuri inavyoweza kumfanya mtu asiulize swali. Ndiyo maana naiogopa serikali inayokuja kwangu na Biblia mkononi kuliko inayokuja na katiba tu. Ya katiba nitaiuliza, imeandikwa wapi? Ile ya Biblia, nikiiuliza, itaniambia namhoji Mungu.

Na sisi Wamoraviani hili hatukulisoma kwa watu wengine. Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, Ucheki ya leo, alikwenda kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa kanisa, huko Konstanz akiwa na hati ya usalama ya Mfalme Sigismund. Mtaguso ukamhukumu kuwa mzushi, na kwa kuwa kanisa halimwagi damu, ukamkabidhi kwa serikali. Serikali ikamchoma tarehe 6 Julai 1415. Kanisa halikuwasha kuni, wala serikali haikutoa hukumu ya uzushi; kila mmoja alinawa mikono yake katika beseni la mwenzake. Umoja wa Ndugu, ambao ndio chimbuko la kanisa letu, ulianza mwaka 1457, na wale ndugu wa mwanzo waliiogopa dola kiasi kwamba hawakutaka Mkristo ale kiapo, wala awe hakimu, wala ashike upanga. Mimi nisingeruhusiwa kushiriki meza yao! Mwishoni mwa karne ile wakalegeza, wakaona kuna haja ya watu wema kwenye mabaraza. Ila kumbukumbu ya Konstanz haikuwatoka. Na baada ya mwaka 1620, Bohemia ilipotangaziwa dini moja tu halali, wazee wetu walichagua kati ya kuikana imani na kuhama nchi. Askofu Comenius alivuka mpaka mwaka 1628 na hakurudi tena kuishi kwao.

Msichukue maneno haya mkawatupie jirani zenu Wakatoliki. Waprotestanti wa Geneva nao walimchoma Michael Servetus mwaka 1553 kwa kuukana Utatu, na Calvin mwenyewe aliunga mkono auawe. Mwaka 1903 wafuasi wa Calvin walisimamisha jiwe la toba karibu na mahali alipochomewa. Miaka 350 baadaye. Toba ni njema hata ikichelewa, ila Servetus alikuwa majivu.

Kijana wangu anaweza kusema, Mzee, hayo ni ya Ulaya na ya zamani. Basi tuvuke hapo Tunduma tu.

Tarehe 29 Desemba 1991, miezi miwili baada ya kumshinda Kenneth Kaunda katika uchaguzi, Rais Frederick Chiluba alisimama Ikulu mjini Lusaka akaitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo. Alitubu kwa niaba ya taifa, akafanya agano na Mungu. Wapo waliolia kwa furaha, na siwalaumu. Ningekuwepo huenda ningelia nao. Viongozi wa mabaraza makubwa ya makanisa hawakuwa wameshirikishwa. Mwaka 1996 tamko lile likaingia katika utangulizi wa katiba, pamoja na maneno mazuri ya kulinda uhuru wa kila mtu wa dhamiri na dini.

Lakini fungueni katiba ile ile, mwaka ule ule, mwende mbele kidogo mpaka kwenye sifa za mgombea urais. Imeandikwa kwamba wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Kila mtu alijua kifungu kile kinamlenga nani. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Na baba yake, David Kaunda, alikuja Chinsali kufanya nini? Alikuja kuhubiri Injili. Alikuwa mwinjilisti na mwalimu wa misheni pale Lubwa, na mwanawe alizaliwa pale pale misheni mwaka 1924. Katiba iliyoliita taifa la Kikristo ndiyo iliyomfungia mlango mtoto wa mhubiri kwa kosa kwamba baba yake alivuka mpaka kuleta Neno.

Sasa nileteeni Torati. Walawi 19:34: mgeni akaaye pamoja nanyi atakuwa kwenu kama mzalia, nawe umpende kama nafsi yako, kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Katika kitabu kimoja cha katiba, jina la Kristo liko ukurasa wa mbele, na sheria ya Kristo imevunjwa kurasa chache mbele yake. Siku za Krismasi mwaka 1997 Kaunda alikamatwa, akawekwa ndani baada ya jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Akagoma kula. Mwalimu Nyerere alisafiri kwenda kumwona gerezani. Mwaka uliofuata mashitaka yakafutwa.

Ila habari ya Zambia haiishii hapo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Mwaka 2001 wafuasi wa Chiluba walitaka agombee kipindi cha tatu, na katiba inasema viwili. Safari hii maaskofu Wakatoliki, Baraza la Kikristo na Umoja wa Wainjilisti walisimama pamoja, wakaungana na chama cha wanasheria na mashirika ya wanawake. Walikutana katika mgahawa uitwao Oasis mjini Lusaka, na muungano wao ukaitwa Oasis Forum. Ijumaa jioni wenye magari walikuwa wanapiga honi barabarani kuonyesha wamekataa. Mwezi Mei Rais akatangaza kwamba hatagombea.

Hawakumnyang'anya kiti. Walimwambia tu, Mheshimiwa, ile nakala uliyoapa kuilinda, isome. Hiyo ndiyo Kumbukumbu la Torati 17 ikitembea barabarani na kupiga honi.

Mtaniuliza, basi Torati tuifungie kabatini? Hapana. Nije kwenye masufuria.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mama mmoja muuza vitumbua aliletwa mbele yangu na mtu aliyemkopesha fedha. Siku hizi mikopo ile mnaiita kausha damu. Zamani haikuwa na jina, lakini damu ilikauka vile vile. Mkopeshaji alikuja na karatasi iliyotiwa dole gumba. Vyombo vya mama yule vilikuwa vimeshachukuliwa kama rehani: masufuria, kikaangio cha vitumbua, blanketi mbili. Mkopeshaji alidai salio tu. Nikasoma karatasi, nikaona dole gumba, nikaandika hukumu: alipe salio. Sikuuliza habari za masufuria. Hakuna aliyeniomba niulize, na saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Mama alisema "asante, mheshimiwa", akatoka.

Usiku nilifungua Kutoka 22. Ukitwaa vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, maana hilo ndilo la kujifunika. Alale na nini? Na Mungu anaongeza kwamba mtu yule akimlilia, atasikia. Nilikuwa na blanketi tatu kitandani. Mbeya mwezi wa sita mnaijua.

Asubuhi nilichukua kitabu cha sheria za nchi, na nilichokikuta kimenifundisha theolojia kuliko semina nyingi. Sheria yetu ya mwenendo wa madai, tuliyoirithi kutoka India ya Waingereza, inakataza kukamata nguo za lazima za mdaiwa, vyombo vyake vya kupikia, vitanda na matandiko, ili kulipia deni lililohukumiwa. Haikutaja Musa wala Mungu. Lakini ile haki iliyomo ndani ya Kutoka 22 ilikuwa imekaa mle, imevaa suti ya kiserikali, nami niliipita bila kuiamkia. Mama yule alikuwa na haki yake kwa Mungu na kwa Jamhuri, akaikosa kwa sababu hakimu Mkristo, mzee wa kanisa mtarajiwa, alikuwa na njaa. Nilimtafuta baadaye. Alikuwa amehama mtaa.

Kijana wangu, hatukukosa sheria siku ile. Tamko la kwamba nchi ni ya Kikristo lisingemrudishia mama yule hata mfuniko wa sufuria. Alihitaji mtu aliyenakili Torati moyoni, akaitambua inapokuja kwa nguo nyingine.

Ziko nyingi zenye nguo nyingine. Kumbukumbu la Torati 22 inamwagiza mjenzi aweke ukingo juu ya paa lake, maana watu walitembea juu yake, mtu asianguke akafa. Mapaa yetu ni ya bati, hakuna anayetembea juu, lakini mashimo ya kuchimba mchanga na matofali tunayaacha wazi, mvua zinayajaza, na watoto wetu wanazama. Ibara ile inasema damu iko juu ya nyumba ya aliyejenga. Kibarua alipwe kabla jua halijatua. Na mizani: mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Hapa tulipo, mkulima wa viazi anajaziwa gunia mpaka linavimba, linashonewa kofia ya wavu juu, linaitwa lumbesa, na analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imekwisha kuikataza lumbesa. Bunge lilifanya kazi yake. Lakini wanunuzi wa lumbesa baadhi yao wanakaa viti vya mbele katika nyumba hii, na fungu la kumi la lumbesa tunalipokea na kuliombea.

Katiba yetu, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wapo wanaoona aibu kwa maneno hayo. Mimi nayaona kama ukuta ambao wazee wetu wa Bohemia waliufia bila kuuona. Unatulinda sisi na serikali, unamlinda jirani yetu Mwislamu na sisi, na unailinda Injili isivae sare ya polisi.

Na Warumi 13, ambayo mlikuwa mnaingoja nione nitaikwepaje, siikwepi. Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Neno alilotumia ni lile lile tunalopata kwalo shemasi. Shemasi tunamheshimu, na mwisho wa mwaka tunakagua vitabu vyake. Petro naye, akijua Nero anakaa Rumi, aliandika: mcheni Mungu, mpeni heshima mfalme. Hakugeuza. Tumwombee Rais, tulipe kodi, tusitukane viongozi mitandaoni, na mwenyekiti wa mtaa anaposoma mapato na matumizi tusisinzie.

Nimalizie deni langu kwa yule kijana wa kwaya, maana namwona. Umeniuliza kwa nini tusidai. Tudai. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi magari ya viazi yanaanza kupakia pale sokoni. Nimezungumza na bwana vipimo, naye amekubali kuja na mizani. Wazee watatu wa ushirika huu wamesema watakuja, na mmoja wao ni mnunuzi, aliyeniomba nisimtaje lakini amesema ataweka magunia yake mwenyewe juu ya mizani kwanza. Njoo na ile simu yako, na uje na daftari, tutahitaji mtu wa kuandika.